Faili la Kitanda cha Tisa

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla madaktari hawajapita, Sista aliwapima wagonjwa uzito kwa mizani yenye gurudumu moja bovu. Mizani hiyo ilivutwa tu. Ukiisukuma ilielekea chooni. Mama wa kitanda cha tisa, aliyelazwa kwa kisukari na kidonda cha kisigino, siku ya kwanza alikuwa na kilo hamsini na nane. Siku ya nne akawa na hamsini na moja. Faili lake, ambalo Sista alilitua juu ya mizani kwa sababu mikono ilikuwa imejaa, lilikuwa na kilo saba.

Sista hakushangaa. Faili lile lilikuwa na kila sababu ya kunenepa. Tathmini ya mgonjwa mmoja ilikuwa kurasa kumi na nne kwa kila zamu: kupumua, kula, kulala, choo, ngozi, maumivu kutoka sifuri mpaka kumi, na mwishoni kabisa, mgonjwa anajionaje. Wagonjwa walikuwa thelathini na mmoja na muuguzi ni yeye peke yake. Basi Sista aliandika "amegeuzwa ubavu" kila baada ya saa mbili, akakosa muda wa kumgeuza. Aliandika "amekula vizuri" na supu ikapoa juu ya kabati. Tusimsingizie lakini, mwandiko wake ulikuwa mzuri, hospitali nzima iliusifia.

Binti wa mgonjwa alikuwa fundi cherehani, naye alikuja saa za kuona wagonjwa na futikamba shingoni. Alimpima mama yake kiuno na mabega, kisha akalipima na faili.

"Sista, mama amepungua inchi nne. Faili limeongezeka inchi nne. Si ndizo zile zile hizi?"

"Ndizo. Mimi mwenyewe nimeona kwenye mizani."

"Sasa?"

"Sasa nimeshaandika."

"Msigombane juu ya kichwa changu," mama akasema kutoka kwenye mto. "Mimi nataka kitu kimoja tu. Nirudi nyumbani nikae kwenye kiti changu, nikijaze. Sitaki kuelea ndani yake kama jino bovu."

Binti akamwahidi kwamba atakijaza.

Siku ya tisa mama alikuwa na kilo thelathini na nane na faili kilo ishirini, nayo meza ya wauguzi ikapinda. Metroni, mama wa miwani aliyeijua kila kanuni na tarehe yake, akaamuru faili lihamishiwe kitanda cha kumi, ambacho mgonjwa wake alikuwa amefariki asubuhi hiyo bila kumsumbua mtu. Akamwomba binti alishonee gauni kwa vitambaa vilivyobaki alipopunguza magauni ya mama. Vilitosha, hakikubaki hata cha kufutia miwani. Tena faili likawa linageuzwa kila baada ya saa mbili, karatasi zisije zikashikana. Hilo Sista alilifanya kweli, maana Metroni alisimama palepale akiangalia.

Hapo binti uzalendo ukamshinda. Alimvuta Sista pembeni, karibu na ndoo ya kudekia.

"Dada yangu, nakuomba kwa mikono miwili. Siku mbili tu usiandike."

Sista alimtazama mama, akatazama kalamu, akaitia kalamu mfukoni.

Alhamisi na Ijumaa hakuandika neno la mgonjwa yule. Alimgeuza. Alimsafisha kidonda polepole, akamlisha kijiko kwa kijiko. Alimuuliza anajionaje, akaketi kusikiliza jibu, na jibu lilichukua dakika arobaini na lilihusu zaidi wifi yake mmoja na sufuria aliyoazima akairudisha imetoboka. Jumamosi mizani ilisema kilo arobaini na sita. Mama akalalamika kwamba supu haina chumvi, na mgonjwa akianza kulalamikia chumvi ujue amerudi. Binti alikwenda nyumbani mbio kufuta vumbi kwenye kiti. Alikuwa na furaha, jamani, acha tu.

Jumatatu wakaja wakaguzi. Walipita vitanda vyote bila kugeuza shingo, wakasimama kwenye kitanda cha kumi na kulifungua faili.

"Alhamisi na Ijumaa hakuna kitu," mkubwa wao akasema. "Kisichoandikwa hakikufanyika."

Bendeji ya kisigino ikajifungua yenyewe na kidonda kikawa kama kilivyokuwa Jumatano. Supu yote ya siku mbili ikarudi bakulini, bado ya moto. Mama akasema ana njaa.

"Mali bila daftari huisha bila habari," Metroni akamwambia Sista, akampa fomu tupu. "Jaza."

"Metroni, nikijaza, mama huyu atakwisha."

"Usipojaza, utakwisha wewe."

Sista alikuwa na watoto wawili na mama mkwe anayetumia dawa za presha. Akaketi, akajaza saa tatu mfululizo. Aliandika huku analia, na kulia kwenyewe ikambidi akuandike, kwenye kipengele cha mengineyo. Mama alimwangalia akiwa anazidi kuwa mdogo juu ya shuka.

"Andika tu, mwanangu," akasema. "Lakini umwambie binti yangu nilikula."

Sista alipopiga mstari wa mwisho, faili lilikuwa na kilo hamsini na nane kamili. Kitanda cha tisa hakikuwa na mtu. Mama alikuwa kati ya ukurasa wa mia sita na kumi na moja na ule wa kumi na mbili, amelala ubavu, bapa, katika gauni lake la mwisho. Wakaguzi wakatoa alama tisini na nane kwa mia. Mbili zilikatwa kwa sababu machozi yalikuwa yamechuruza wino. Sista akazawadiwa kalamu.

Binti alifika na viatu vya mama mkononi. Akaelekezwa masjala.

"Faili ni mali ya hospitali," karani akasema. "Halitoki."

"Ni mama yangu huyu!"

"Pole sana. Hata angekuwa baba."

Karani hakuwa mtu mbaya. Akamruhusu alete kiti kutoka nyumbani. Walilinyanyua faili pamoja, huku wanahema, wakalikalisha. Lilikijaza kiti mkono kwa mkono. Binti alipitisha futikamba kuthibitisha, akakuta hakuna hata robo inchi iliyobaki.

Tangu hapo anakuja kila siku. Kila baada ya saa mbili anafungua ukurasa, anamgeuza mama yake ubavu wa pili taratibu, anamuuliza anajionaje. Mama anasema hajambo, ila kuna baridi humu. Karani anavuta fomu, anaandika saa na dakika, "amegeuzwa ubavu," kisha anaipachika kwenye faili, na kiti kinalia kidogo.