Yametoka Viza

Bafu letu la nje lina mlango wa bati, msumari wa kutundikia taulo, na pipa la maji kwenye kona. Nyuma ya pipa hilo, juu ya gunia nililokuwa nimelitandika ili watu wasiteleze, bata bukini wangu aliamua kuweka kiota. Banda nilikuwa nimemjengea, tena zuri, lina kivuli na majani makavu. Alilitazama mara moja, akalinyea, akaenda zake bafuni. Tangu siku hiyo watu wazima watatu tukawa tunaoga kwa beseni nyuma ya jiko, mmoja anaoga na mwingine anamshikia shuka kama pazia, yote kwa heshima ya ndege.

Huyo ndiye Kisirani. Jina nilimpa mwenyewe na hajawahi kuniangusha. Dume lake tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu kazi yake ni kusimama mlangoni shingo imenyooka na kumfokea kila anayepita. Ukitaka kuingia kumpelekea Kisirani mahindi yaliyolowekwa, lazima ushike mfuniko wa ndoo kama ngao, maana Mwenyekiti anapenda sana miundi ya watu. Mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi, aliacha kabisa kuvaa kaptura nyumbani kwake.

Halafu kulikuwa na jike la pili, bado changa, ambalo halikutaka kuatamia ila lilitaka sana kutaga, na mahali pa kutaga lilipopapenda ni chini ya Kisirani. Kila likipata upenyo linajipenyeza, linaangusha yai, linatoka. Sasa mayai yakichanganyika, mengine ya zamani na mengine ya jana, hayawezi kuanguliwa pamoja. Ikabidi niyatie alama ya penseli yale ya mwanzo, na kila jioni niingie na mfuniko wangu kutoa yasiyo na alama. Kila jioni, jamani. Nilizaa watoto, nikawalea wakaondoka, nikadhani nimemaliza kuamshwa na kelele na kusafisha mavi ya wenzangu.

Na ndani ya nyumba nilikuwa na wifi yangu.

Wifi ni mdogo wake Fundi. Alikuja kukaa kwetu kidogo tu, akisubiri viza. Mumewe ni dereva wa malori ughaibuni. Aliondoka wiki chache baada ya harusi, akaahidi kwamba akifika tu atapeleka karatasi za kumwombea mkewe, viza itoke, amfuate. Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena na tena, viza haijatoka. Sanduku lake la safari lilikuwa limesimama wima kwenye chumba chetu cha wageni. Hakuwahi kulipangua. Kila asubuhi alifungua zipu, akachomoa gauni, akafunga zipu.

Mimi si mtu wa kumchukia wifi yangu. Ni msusi hodari, mikono yake ina baraka, na akiwa na raha anakuchekesha mpaka mbavu ziume. Lakini nilichoka. Hanunui ndala mpya, eti atamwachia nani. Hapandi hata mche wa mchicha, eti atauvuna nani. Mwenye saluni anapofanyia kazi alifungua duka la pili akataka kumkabidhi yeye aliendeshe, na wifi akamjibu kwamba mtu ambaye viza yake iko njiani hashiki funguo za watu. Mwenye saluni akasema atamsubiri mpaka mwisho wa mwezi, na mwezi wenyewe ulikuwa unaelekea ukingoni. Kila nikimkumbusha ananiambia, "Wifi, subira huvuta heri." Namjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Ananuna. Fundi ananikata jicho.

Simu za huyo mume wake zamani zilikuwa kila siku. Zikawa za Jumapili. Halafu zikawa za yeye wifi kupiga na mwenzake kusema yuko barabarani. Tulikuwa tunasikia wote, ukuta wenyewe ni wa tofali moja.

Basi Kisirani akaatamia. Alikuwa akitoka mara moja tu kwa siku, anafunika mayai kwa manyoya aliyojinyofoa kifuani, anakimbilia kwenye karai la maji, anajirushia maji mgongoni, anakula majani kwa pupa kama mfungwa, anarudi na unyevu wake. Wifi ndiye aliyempenda. Anaporudi kazini anachuchumaa mlangoni, anampigisha soga. "Vumilia, mwenzangu. Yetu macho." Mwezi wa kuatamia ukatimia. Mwezi ukapita. Kifua cha Kisirani kikabaki mfupa, ukimshika unasikia mbavu. Hakuna yai lililopata hata ufa. Kila asubuhi natega sikio kwenye gunia nikitegemea kusikia sauti ndani ya maganda, nasikia tumbo langu mwenyewe.

Siku hiyo mchana nikasema basi, leo nitajua moja. Nilisubiri Kisirani aende kwenye karai, nikampita Mwenyekiti kwa mfuniko, nikafunga mlango, nikaziba kidirisha kwa taulo. Nilikuwa na tochi ya simu na kipande cha boksi nilichokitoboa tundu. Unaliweka yai juu ya tundu, unamulika kwa chini. Yai lenye kifaranga kilichokaribia kutoka huwa jeusi karibu lote, na ukituliza mkono unaona kitu kinacheza. La kwanza lilikuwa na uji unaoyumba. La pili, uji. Nikaendelea, roho inaniuma zaidi kwa kila yai, nikiliweka kwenye ndoo polepole kama naweka mtoto kitandani. La mwisho halikunipa hata nafasi ya kulimulika. Lilinipasukia mkononi.

Anayeijua harufu ya yai viza sihitaji kumweleza. Asiyeijua, Mungu amwepushie. Nilitoka mbio na ndoo yangu, machozi yananitoka kwa harufu na kwa hasira, na kwa kidole kimoja kisafi nikampigia Fundi karakana. Nyuma yake mashine ya kukatia chuma ilikuwa inalia.

"Yametoka viza!" nilipiga kelele.

"Nini imetoka?"

"Viza! Yote viza, Fundi! Kusubiri kote kule!"

Mashine ikanyamaza. Nikamsikia mume wangu akipiga ukelele wa furaha, kisha akawaambia wenzake jambo, nao wakashangilia. Simu ikakatika. Nilibaki nimesimama uani, mkono mmoja unanuka kaburi, nikajiuliza huyu mwanamume ana roho ya namna gani. Ni kweli anataka bafu lake. Lakini ndiyo ashangilie msiba wangu mpaka na wafanyakazi wake?

Nilikuwa bado napanga maneno ya kumpa akirudi, tena si machache, pikipiki ikafunga breki getini. Wifi akaruka kabla haijasimama. Kitana kilikuwa kimechomekwa kwenye nywele zake, nyuzi za rasta zimening'inia begani. Alinikumbatia, harufu na yote, akaninyanyua juu.

"Nimewaacha! Wifi, nimewaacha wote! Mteja nimemwacha nusu kichwa! Na yule mama na saluni zake mbili nimempa vidonge vyake, nimemwambia funguo zake azimeze!"

"Nani? Kwa nini?"

"Iko wapi? Nionyeshe! Kaka amenipigia, amesema wewe ndiye umeipokea!"

"Nini?"

"Viza!"

Na mimi, mjinga wa mwisho, kichwa changu chote kikiwa kwenye mayai, nikanyoosha kidole. "Yako hapo kwenye ndoo."

Alikwenda akachungulia. Wakati huo Fundi akaingia getini na kreti la soda begani, anaimba. Wifi alikuwa ameinama juu ya ndoo na haelewi. Nikauona uelewa ukimjia taratibu, kutoka usoni mpaka mabegani. Na mimi ukanijia. Fundi ndiye aliyechelewa.

"Haya, yuko wapi msafiri wetu?" akauliza.

"Fundi," nikasema, "nilikuwa nazungumzia mayai."

Akaliweka kreti chini. "Ulisema imetoka."

"Nilisema *ya*metoka! Ya! Mayai!"

"Sasa mtu mwenye mashine sikioni atajuaje ya na i? Kwani hukuweza kusema yameoza?"

"Yameoza! Tangu lini yai linaloatamiwa likaharibika tukaacha kuliita viza? Na wewe, mtu anakupigia analia, huulizi mara mbili, unatangaza?"

"Nilijua unalia kwa furaha!"

"Mimi nimewahi kulia kwa furaha lini?"

Tukaendelea hivyo, aibu yangu namtupia yeye na yake ananitupia mimi, mpaka tukagundua kuwa tunagombana peke yetu. Wifi alikuwa hatusikilizi. Alikuwa anamtazama Kisirani, ambaye amerudi kutoka kuoga, anadondoka maji, anapita katikati yetu kama mwenye nyumba. Aliingia bafuni. Akazunguka gunia tupu. Akaangalia kwa jicho la kulia, akaangalia kwa la kushoto. Kisha akakaa. Kulikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia hapo chini. Akakisogeza kwa mdomo taratibu mpaka kikaingia chini ya kifua, akatulia.

"Anaatamia nini sasa?" Wifi akauliza.

"Sabuni," nikajibu.

Wifi akachomoa kitana kichwani.

"Na mimi nimeatamia viza," akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anataja bei ya kitu. Wifi akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya wote kusikia. Iliita sana. Mumewe alipopokea, nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa lori.

"Mpenzi, niko barabarani, nitakupigia…"

"Nina swali moja. Karatasi za viza yangu ulizipeleka?"

"Mbona unaanza hivyo? Unajua mambo ya huku yalivyo, mtu anatakiwa—"

"Sijauliza mambo ya huko. Ulizipeleka, hukuzipeleka?"

Lori likanguruma. Mwanamume akakohoa.

"Nitazipeleka," akasema.

Wifi akakata simu. Miaka yote ile alikuwa akituambia mumewe amezipeleka, wanazishughulikia, zimefika meza fulani, zimekwama meza fulani. Neno moja tu lilikuwa limemrudisha mwanzo. Fundi aligeuka akatazama ukuta, na nilijua anatafuta tusi ambalo litafika ughaibuni.

Wifi alipita mlangoni bila mfuniko. Mwenyekiti akamrukia miundi, hata hakumtazama. Alipiga goti nyuma ya pipa, akapitisha mikono chini ya Kisirani, akamnyanyua. Bukini hadonoi kama kuku. Anabana nyama, halafu anaisokota. Kisirani alimbana wifi juu ya kiwiko, akasokota kwa nguvu zote za ndege asiyeshiba mwezi mzima, na wifi hakumwachia. Alitoka naye amemkumbatia, akampeleka mpaka kwenye majani, akamweka chini. Kisha akarudi akafunga mlango wa bati na kuukomea. Kisirani akaja nyuma yake, akasimama mbele ya bati, akalia. Sijapata kusikia sauti kama ile kutoka kwa ndege. Nilitaka kumfungulia.

"Usimfungulie," Wifi akasema.

"Anateseka."

"Ateseke. Kesho atakula."

Alikaa kwenye kizingiti cha jiko. Mkono ulikuwa umevilia damu, ngozi imechanika kidogo. Nikamletea kitambaa na maji. Hakukipokea.

"Mlijua?" akaniuliza.

Fundi akajifanya anapanga chupa za soda. Nikaona kazi hii ameniachia mimi.

"Tulihisi," nikasema.

"Tangu lini?"

"Zamani, wifi."

"Mnaoga nyuma ya jiko, mnalala, mnaamka, mnaniona nafungua zipu na kufunga zipu. Na hakuna hata mmoja wenu wa kuniambia?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ya heshima, ya kwamba ndoa ya mtu haiingiliwi, ya kwamba kaka yake alinikataza. Niliutazama mkono wake, nikamwambia la kweli.

"Ungetufanya hivyo alivyokufanya Kisirani."

Akautazama na yeye. Akaugusa pale palipovilia, akakunja uso kwa maumivu kama vile ndiyo kwanza anayasikia.

"Ningewafanya," akasema. Halafu akaanza kulia, na mimi na mikono yangu inayonuka nikamshika.