Mguu wa Sakafuni

Mguu ulifika Karuba kwa gari jeupe, na wapambe wake walikuwa wengi kuliko wa bibi harusi. Walimvika Verdiane kwenye sakafu ya saruji ya kanisa, pahali pekee pa tambarare kijiji kizima, wakampigia makofi kama mtoto anayesimama dede. Alikwenda hatua kumi na mbili, akageuka, akarudi. Picha zikapigwa. Chini ya goti, pale bomu lilipomwachia kigutu, sasa palikuwa na plastiki ya rangi ya kuku aliyenyonyolewa, na mwisho wake kiatu cheusi cha ngozi, cha karani.

"Sasa uko muzima, mama!" alisema Honoré, mkubwa wa mradi ulioleta mguu, mwenye gileti, kizibao cha mifuko tisa isiyokuwa na kitu.

"Na kulima, Papa Honoré? Shamba yangu iko kule juu."

Honoré alikitazama kilima kama kidonda cha mtu mwingine. "Kilima haiko mu programu, mama. Sisi tulikufundisha kutembea."

Kweli walimfundisha: wiki mbili huko Goma, kwa mguu wa majaribio, kati ya vyuma viwili, juu ya vigae vinavyopigwa deki kila asubuhi. Tope la huku kwetu Masisi halikualikwa.

Na Septemba, Karuba, hakuna anayepanda shambani bila buti za mpira. Nyumbani Verdiane akavua kile kiatu, akajaribu kuutia mguu mpya ndani ya buti. Unyayo ule haukunjiki. Akasukuma, akapaka mawese, akasukuma tena. Ilikuwa kama kumpitisha mbuzi mlango wa kuku. Wataalamu wazima, na vyeti vyao ukutani, hakuna aliyemuuliza: mama, wewe unavaa nini?

Jioni hiyo akapita Gustave, mdogo wa marehemu mume wake, akakiona kile kiatu cheusi.

"Shemeji, umependeza! Utaanza lini kazi ku biro, kama karani?" Akacheka mpaka akakohoa. "Misimu miwili hujapanda kitu. Unajua desturi yetu: msimu wa tatu, shamba inarudi kwa jamaa. Jumamosi nitakuja na muzee. Kama mbegu haiko, ng'ombe zangu zinaingia."

Alikuwa na ng'ombe watatu, na aliwaheshimu kuliko mama yake mzazi. Verdiane akaendelea kuifuta buti mawese. Mtu akikuchekea mlangoni, mwache ameze inzi.

Alichukua kisu cha viazi, akaipasua buti kwa nyuma, toka juu mpaka karibu na kisigino. Mguu ukaingia. Akatoboa matundu huku na huku, akakaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Aliposimama, akaenda kinyumenyume mpaka ukutani: mguu ulipimwa kufuata kisigino kirefu cha kile kiatu, na buti ni bapa. Basi kiatu cha karani kikapata kazi yake ya kwanza. Alikikata kisigino, akakitia ndani ya buti, nyuma, chini ya ule unyayo. Akasimama wima.

Siku tatu alijifunza kilima peke yake, kupanda kwa ubavu, kushuka kwa ubavu, jembe likiwa fimbo.

Jumamosi asubuhi alikuwa akipanda mstari wa nne wa maharagi, gari jeupe likapiga honi bondeni.

"Mama! Shuka tupige picha! Na kiatu iko wapi?"

"Panda wewe, Papa! Mimi niko huku!"

Honoré akapanda hatua tatu, akaketi kwenye tope. Akarudi garini akimlaumu dereva.

Hazikupita dakika nyingi, Gustave akatokea na ng'ombe wake, pamoja na mzee Nizeyimana, mkubwa wa jamaa.

"Amepanda leo tu!" Gustave akafoka. "Hiyo haiko kulima, ni muchezo! Ule muguu utavunjika kesho!"

Mzee akainama polepole, akafukua kwa kidole, akatoa punje mbili, akazitazama, akazirudisha, akafunika.

"Mbegu iko. Desturi haiulize muguu ni wa plastiki ao wa nyama. Geuza ng'ombe zako."

Njia ilikuwa nyembamba. Ng'ombe wa mbele akakataa kugeuka, ikambidi Gustave amsukume kwa bega, koti lake la misa likijaa mavi.

Verdiane alingoja mpaka mkia wa mwisho ukapotea nyuma ya mikaratusi. Hapo ndipo akaketi mtaroni, akafungua zile kamba za mpira, akauvua mguu, akawa anakipulizia kigutu kilichochubuka, huku akiwatukana wote, mmoja mmoja, kwa majina.