Wito wa Pili wa Parotillas

Jumapili ya kwanza wanakijiji wa Parotillas walishinda bila kunyanyua kidole. Injinia Iturbe wa kampuni ya chuma alikuja na wageni wawili wa ng'ambo, watu waliotaka kuweka fedha zao Cerro Pinto, kilima ambacho ni chuma kitupu toka juu hadi chini. Wakaketi katika ukumbi wa ejido wa Parotillas, viti themanini na vinne vimepangwa, kimoja kwa kila mwenye haki katika ardhi ile ya pamoja. Waliokuja ni kumi na mmoja. Wengine wote walikuwa mtoni, wanakula pozole, mchuzi wa mahindi na nyama ya nguruwe, na kuwacheka.

Mpango ulikuwa wa Eduviges Larios. Marehemu mumewe, Anselmo, alikuwa katibu wa ejido miaka tisa, na miaka yote hiyo mkewe alisikia jambo moja mezani: akidi isipotimia hakuna mkutano, na bila mkutano hakuna mkataba. Chemchemi ya Parotillas inatoka chini ya Cerro Pinto na kuulisha mto, na mipapai mia mbili ya Eduviges inakunywa maji yale. Kilima kikichimbwa, maji yamekwenda. Basi akapita nyumba kwa nyumba, na kwa kuwa anawajua watu wa kwao wanavyolainika kwa maneno matamu, akawafunga kabisa.

"Msiende," aliwaambia. "Hata mimi mwenyewe nikija kuwabembeleza, msiende. Mkiniona nimekuja, jueni nimeshanunuliwa."

Walicheka sana, kisha wakaapa.

Jumamosi iliyofuata, Eduviges alipeleka ndoo yake ya mahindi kinuni. Mashine ilikuwa na foleni, na mlangoni palikuwa na karatasi iliyobandikwa tangu Jumatatu, imeshaingia unga. Hakuna aliyekuwa ameisoma. Watu waliokwisha kushinda watasoma matangazo ya nini? Naye aliisoma kwa kukosa la kufanya tu. Wito wa pili, Jumapili, saa nne asubuhi. Chini, kwa herufi ndogo: mkutano utakuwa halali kwa idadi yoyote ya watakaohudhuria.

Akairudia mara tatu. Anselmo hakuwahi kumwambia hilo. Au alimwambia, na yeye akashika nusu aliyoipenda.

Akaiacha ndoo palepale akaenda mbio kwa mpwa wake Nicanor, mwenyekiti wa ejido, aliyekuwa upande wa kampuni na wala hakuficha.

"Ni kweli, Shangazi," Nicanor alisema, anafunga kamba za viatu. "Mara ya kwanza inatakiwa nusu na mmoja. Mara ya pili, hata tukiwa watatu."

"Na ulijua!"

"Nilibandika tangazo, mlango wa kinu, kama sheria inavyotaka. Nyinyi mlikuwa mnakula."

Alimtukana, tusi alilostahili, akatoka. Jioni ile alibisha kila mlango. Alianza kwa jirani yake Obdulia, aliyekuwa akimenya vitunguu uani.

"Obdulia, kesho lazima twende ukumbini. Wote."

Obdulia aliweka kisu chini taratibu. "Sema tena."

"Sheria imegeuka. Tusipokwenda watapitisha wenyewe."

"Viges," Obdulia alisema, sauti imeshuka, "wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu! Nenda kasome karatasi mlangoni kwa kinu."

"Karatasi ya Nicanor, mpwa wako?" Obdulia akatikisa kichwa. "Wewe mwenyewe ulituambia utakuja, na umekuja. Nenda kalale, dada. Mimi sitamwambia mtu."

Lakini aliwaambia. Eduviges alipofika kwa mzee Fermín, alimkuta amesimama kizingitini na wanawe nyuma yake.

"Karibu, karibu," mzee alisema. "Tulikuwa tunabishana kama utaanza na machozi au na magoti."

"Mzee Fermín, nakuapia kwa kaburi la Anselmo."

"Aa! Kaburi! Hilo hatukulifikiria." Wakaangua kicheko hadi mbwa wakabweka.

Kadiri alivyosihi ndivyo alivyozidi kuonekana ameuzwa. Na angenyamaza, ingekuwa yaleyale. Kamba ile aliisuka mwenyewe, na aliisuka vizuri, maskini.

Jumapili saa nne aliingia ukumbini peke yake. Nicanor aliita majina themanini na manne, moja moja, na kila jina lisiloitikiwa lilimchoma. Lilipofika lake alisema, "Nipo." Waliinua mikono: kumi na mmoja wanakubali. Kisha anayepinga. Aliinua mkono wake juu kabisa, akauacha huko hata baada ya kuhesabiwa. Nicanor akapiga muhuri. Wageni wa ng'ambo walipiga makofi, na Injinia Iturbe akamjia kwa heshima.

"Nikushukuru kwa mpango wako, bibi. Jumapili ile wangekuja wote, wakanyoosha mikono kupinga, hawa mabwana wangefunga mabegi siku hiyohiyo."

Eduviges akampita. Aliteremka hadi mtoni, walikokuwa wamekusanyika tena, sufuria motoni, redio inaimba.

"Walikuja wangapi?" mtu alipaza sauti.

"Kumi na wawili," alisema Eduviges. "Sikilizeni, mkataba umepita."

"Kumi na wawili kati ya themanini na wanne!" Mzee Fermín akatupa kofia hewani. "Tumeshinda tena!"

Walishangilia, walikumbatiana. Alisema tena, akasema kwa kupiga kelele, redio ikamzidi. Obdulia akamshika mkono, akamketisha juu ya jiwe.

"Ulikwenda, tumejua. Tumekusamehe, Viges. Kula."

Bakuli lilikuwa linafuka moshi mapajani mwake. Koo lilikuwa limemkauka, akaomba maji kwanza. Obdulia akainama palepale mtoni, akamchotea kata nzima.