Alama ya Naisiae

Mjini Arusha, aliyetaka picha ya kupendeza alielekezwa Sekei, kwenye studio ya Kauthar. Mwanamke huyo alijaliwa mkono wa kutuliza viumbe. Mbwa aliyefika akibweka alikaa mbele yake kama mgeni wa heshima, kwa kuwa Kauthar alimnusisha kwanza kipande cha ini, kisha akakishika juu ya kamera. Watoto wachanga aliwasubiri washibe, wacheue, wasinzie. Maharusi aliwachekesha mpaka wakasahau viatu vinavyowabana. Ila kilichomjengea jina hasa ni kazi aliyoifanya baadaye kwenye kompyuta, ambayo mwenyewe aliiita kusafisha. Tongotongo za paka, chunusi za bibi harusi, kovu la shavuni, vyote aliviondoa. Wateja walifurahi, wala hakuona haja ya kuwauliza.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imeubana mji, walikuja Ezra na mkewe Namnyaki kutoka Moshono. Walimleta mtoto wao wa kwanza, Naisiae, aliyefungwa mablanketi kama mzigo wa safari. Namnyaki alipomvua kofia ya sufu, ilionekana alama ya kuzaliwa juu ya jicho, nyekundu iliyoiva, ndogo kama punje ya kahawa.

"Hii ndiyo picha yake ya kwanza bila kofia," Namnyaki alisema akicheka. "Kwetu kule upepo haumwachi mtu."

Mtoto alilala, Kauthar akapiga. Jioni ile ile, huku akizungumza kwenye simu na mama wa bibi harusi wa Jumamosi, aliifuta ile alama. Haikumchukua hata dakika. Picha zilizobaki, pamoja na ile ya kabla ya kusafishwa, alizitupa kama alivyozoea, kompyuta isijae, na kadi ya kamera ikaenda kujazwa harusi.

Siku ya kuchukua picha, Ezra aliisifu fremu. Namnyaki aliitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya kioo, akasema tu, "Asante, dada." Kauthar alidhani ni furaha iliyokosa maneno.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Namnyaki aliporudi, safari hii peke yake. Alikuwa amekonda, kanga imefungwa kichwani, akasimama mlangoni kama asiye na uhakika kwamba ameruhusiwa kuingia.

"Karibu, Mama Naisiae! Mtoto hajambo? Ameshaanza kukaa?"

"Naisiae tulimzika, dada. Homa ya mapafu."

Kauthar alimshika mikono, akampa pole. Namnyaki aliipokea, akaketi.

"Nimekuja kuomba ile picha. Siyo hiyo uliyotupatia. Ile ya kabla hujamfuta alama yake. Kwenye simu tunazo nyingine, lakini zote ana kofia."

Kauthar aliwasha kompyuta. Alifungua kila mahali, hata pale alipojua hapana kitu. Alichomeka kadi, zikatokea nyuso za watu wanaokula keki. Namnyaki alikuwa ameinama karibu naye, macho hayabanduki kwenye kioo, na kila ilipofunguka picha ya mtoto mwingine alivuta pumzi.

"Sikuziweka," Kauthar alisema mwishowe. "Nisamehe. Lakini naweza kuirudisha. Nitaichora pale pale, hutaona tofauti."

"Utaichora wewe?"

"Ndiyo, kwa kompyuta."

"Basi itakuwa ya kwako, dada. Siyo ya mwanangu."

Aliaga kwa adabu, akaondoka na mvua.

Kauthar hakupata raha. Siku ya Jumapili alifunga studio, akabeba sukari na majani ya chai, akaenda Moshono. Kamera aliiacha. Ukumbini alimkuta mama mzazi wa Ezra, akamwamkia shikamoo. Mama mkwe alimkaribisha vizuri, na alipoelezwa mgeni ni nani alitazama ile fremu ukutani, akasema bila ukali, "Kumbe ni wewe. Kila nikiamka namwambia Ezra, mtoto huyu ni mzuri, lakini sijui ni wa nani."

Namnyaki alileta chai, akakaa karibu na Kauthar kwenye kochi.

"Dada, nikuulize," alianza kwa sauti ya chini. "Wewe ulimwona kwenye kile kioo chako kikubwa, uso umejaa kote. Alama yake ilikuwa imeshika nyusi, au ilikuwa imepita juu kidogo? Ezra anasema imeshika. Mimi nilikuwa na hakika, sasa nimeanza kuchanganya."

Kauthar aliweka kikombe chini. Alifumba macho, akaliona blanketi, akakiona kidevu, akayaona hata maziwa yaliyokauka kwenye pembe ya mdomo, ambayo nayo aliyafuta. Mahali pa alama palikuwa peupe. Aliiangalia kwa muda ule tu wa kuiondoa. Angeweza kusema imeshika nyusi, mama yule akapata pa kushikilia.

"Sikumbuki," alisema, machozi yakimtoka. "Wallahi, Mama Naisiae, sikumbuki."

Namnyaki alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilihofia. Kisha akamsukumia sahani ya maandazi, akamwambia anywe chai kabla haijapoa.