Jua Nyuma ya Tembe la Ngollo

Lori la kwanza lilikuwa limekwisha kushika njia, limejaa vitanda, mitungi, mbuzi na watu, na vumbi lake lilikuwa halijatua bado Zeyana alipoteremka kwenye Landrova ya ofisi na kamera yake kifuani. La pili lilikuwa linanguruma palepale. Dereva hakutaka kulizima kwa kuogopa kwamba halitawaka tena. Mwaka wa sabini na nne huo, kiangazi, na kitongoji cha Mwanzwilo, ng'ambo kidogo ya Kwihara, kilikuwa kinahamia kijiji kipya njia ya Isikizya. Kuhamia ndilo neno walilolitumia wakubwa. Nyumba za nyasi zilikuwa zimeshatiwa moto nyuma ya migongo ya wenyewe, mtu asije akapata wazo la kurudi jioni.

Nyumba moja tu ilikuwa haijaguswa. Ni tembe la pembe nne, paa lake la udongo, kuta nene kama za boma. Mbele ya mlango alikaa mwanamke mzee juu ya kigoda, mikono magotini, kama mtu anayengoja wageni wamalize kunawa.

"Yule anaitwa Ngollo," alisema Sylvester, mtu wa habari wa wilaya. "Ametusumbua tangu asubuhi. Hapandi lori mpaka apigwe picha."

"Basi apigwe."

"Atapigwa. Lakini si anavyotaka yeye. Simama hapa, jua liwe nyuma ya watu. Na utumie Mjerumani."

Zeyana alimgeukia. "Mjerumani? Na jua limenikodolea macho?"

"Umenisikia, dada."

"Unajua itakavyotoka."

"Ndiyo maana nakwambia."

Naye alijua kweli. Sylvester hakuwa mgeni wa kamera. Kabla hajaenda kozi Dar es Salaam alifanya kazi kwa marehemu Mzee Nasor, baba yake Zeyana, katika studio ileile ya karibu na soko la Tabora, na wawili hao walijifunza kusafisha filamu katika chumba kimoja cha giza, wakigombana nani kamwaga dawa. Kwa hiyo pale walipokuwa wamesimama hapakuwa na wa kumfundisha mwenzake. Palikuwa na watu wawili wanaojua jambo lilelile, kila mmoja akitaka kulitumia kivyake.

Jambo lenyewe ni hili. Ndani ya lenzi mna vioo kadhaa, kimoja mbele ya kingine. Kioo kitupu hakipitishi nuru yote; nyingine huirudisha nyuma, ikagonga kioo cha pili, ikarudi tena, ikawa inatangatanga mle ndani kama mlevi aliyepoteza mlango wa kwake. Mwisho hutua popote juu ya filamu. Picha ikaota ukungu, weusi ukawa kijivu, na duara za nuru zikaelea mahali ambapo hapakuwa na kitu. Tabora wapiga picha walikiita kitu hicho maziwa. Dawa yake ni utando mwembamba ambao viwanda huupaka juu ya kioo, mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu, ili nuru ipite bila kuruka ruka. Kila kiwanda na upishi wake. Ukiinamisha lenzi dirishani unauona kwa rangi: Mwingereza ana buluu iliyopauka, Mjerumani ana zambarau ya bilinganya, Mjapani ana rangi ya asali ya miombo iliyoshikwa juani.

Zeyana alikuwa na lenzi mbili zinazoingia kamera moja, skrubu zao sawa. Mjapani alimnunua kwa padri aliyekuwa anarudi kwao. Mjerumani alimrithi kwa baba, na zamani Mjerumani huyo alikuwa na bilinganya yake nzuri sana, mpaka Zeyana alipoolewa na Humaidi, mfua fedha.

Humaidi alikuwa na mikono ya dhahabu na moyo wa kusaidia. Siku moja mkewe alikuwa amekwenda msibani. Akaiona lenzi mezani, akaiona ile zambarau, na kwa macho ya mfua fedha zambarau juu ya kitu king'aacho ni jambo moja tu: kutu ya fedha iliyokaa bila kuvaliwa. Akachukua majivu laini, ndimu na kitambaa cha hariri, akasugua mbele, akafungua akasugua na nyuma, kwa upendo, kama anavyosugua bangili za bibi harusi. Mkewe aliporudi akamkabidhi.

"Nimekuondolea uchafu," alisema. "Tazama inavyometa!"

Zeyana alitazama. Ilimeta mno. Alikaa chini, akacheka, kisha akalia, kisha akamnyima chai. Lakini lenzi haikutupwa. Maziwa yake yaligeuka kuwa biashara: maharusi waliopigwa na Mjerumani wakikaa karibu na dirisha walitoka laini, bila chunusi, bila kovu la ndui. Mabibi wa Tabora wakawa wanakuja wenyewe, "Nipige na ile ya Humaidi."

Sasa Sylvester aliitaka ile ya Humaidi si kwa ajili ya chunusi. Jua la alasiri lilikuwa limesimama juu ya paa la tembe. Ukilielekezea lenzi iliyosuguliwa, watu wa mbele wataonekana kidogo, lori litaonekana kidogo, na vyote vilivyo nyuma yao, tembe, vizimba vya kuku, moshi wa nyumba kumi na zaidi, vitazama katika weupe mtupu. Itakuwa picha ya watu wanaotoka katika nuru.

Zeyana alimwendea mzee, akapiga magoti nusu, akamwamkia Kinyamwezi kama mama yake. "Mwadila, mayo."

"Mwadila, mwanangu. Wewe si wa Nasor? Umechukua pua yake. Pole."

Zeyana alicheka bila kupenda. "Nimeizoea, mayo."

"Haya. Mwulize kijana wako huyo: picha hii wataitundika wapi, na chini yake wataandika nini? Mimi nimemwuliza, ananijibu kama redio."

Sylvester alisogea. Alivaa shati la mifuko minne na jasho lilikuwa limeichora yote. "Itakwenda kwenye maonyesho, mama. Itaandikwa: Kutoka Porini Kuja Kijijini."

"Pori lipi?"

"Ni lugha tu, mama."

"Mimi nina mlango. Pori lina mlango?" Ngollo hakupandisha sauti. "Babu yangu alibeba pembe begani mpaka pwani, akarudi na marobota ya vitambaa. Alipochoka mabega akajenga hapa. Misafara yote ilikunywa kisima kile pale. Leo naambiwa nimeokotwa porini kama kuni?"

"Hakuna aliyesema kuni."

"Kwenda nitakwenda. Wanangu wametangulia na lori lile. Nikae hapa na nani, na majivu? Lakini nyumba yangu ionekane. Mlango wangu na moshi wa jirani zangu, vionekane. Mtu akisema hapa palikuwa pori, pawe na kitu cha kumwambia: mwongo." Alimtazama Zeyana. "Unaweza au huwezi?"

"Naweza."

"Zeyana," Sylvester alisema kwa sauti ya chini, "njoo huku." Akamvuta pembeni. "Kazi za ofisi unazipata kwa mkono wa nani? Vitambulisho, sherehe, viongozi wakija. Karatasi na dawa, kwa kibali cha nani? Usinifanye niseme maneno ambayo sitaki kuyasema."

"Umeshayasema."

"Piga picha yangu. Wanaitaka kesho mchana."

"Nitapiga."

Akampiga picha Ngollo kwenye kigoda na wenzake waliobaki wakipanga foleni kwenda kwenye lori, Mjerumani akiwa mdomoni mwa kamera, jua likimwagika ndani. Sylvester akapumua. "Asante, dada. Sasa tuondoke."

Zeyana hakuondoka. Palepale, mbele ya macho yake na ya watu wote, alimfungua Mjerumani, akamtia mfukoni, akamtoa Mjapani katika leso na kuanza kumkaza taratibu.

"Unafanya nini?"

"Yako nimemaliza. Sasa napiga ya mwenye nyumba."

"Nimesema basi!"

"Nimesikia. Si kiziwi."

Akapima. Hata utando mzuri, ukitazamana na jua ana kwa ana, hupepesa. Alihitaji kivuli juu ya kioo, na mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Ngollo hakujua habari za lenzi, lakini alimwona akijikinga macho kwa kiwiko, akaelewa.

"Kuluthumu!" aliita kuelekea lorini. "Teremka na ungo wako!"

Jirani yake, mwanamke mnene mwenye mtoto mgongoni, aliruka chini na ungo mkononi, akaja mbio, akauinua juu ya kamera kama anayekinga mvua. "Hapa? Au hapa? Sema, mkono utaniuma!"

"Hapo hapo. Usitikisike."

Sylvester alinyoosha mkono kuukamata ungo. Watu wote lorini wakageuka. Hakuna aliyemtukana wala kumtupia kitu, walimtazama tu, na hata mgambo aliyekuwa ameegemea tairi alijikuna shingo akasema, "Afande, si apige tu? Dizeli inakwisha." Mkono ukabaki hewani. Ngollo alisimama, akauegemeza mgongo wake kwenye mwimo wa mlango, akainua kidevu. Zeyana akabonyeza.

Ngollo akachukua kigoda chake mwenyewe, akapanda lori bila kushikwa mkono.

"Lete hiyo filamu," Sylvester alisema lilipokwisha kuondoka.

"Uifanyie nini?"

"Nitaifungua hapa hapa juani."

"Ifungue." Zeyana alimnyooshea kamera. "Yako na yake zimelala kitanda kimoja. Ukiiua moja umeziua zote. Na lori limeondoka. Hao wakubwa wa kesho mchana utawapelekea picha ya vumbi."

Sylvester aliitazama kamera, akautazama moshi. "Panda gari."

"Sipandi."

Akaanza kutembea. Njia ya zamani ya misafara kutoka Kwihara kuingia mjini si ya kuchezea kwa viatu vya ngozi, lakini alitembea, kamera kifuani, buibui limekusanywa mkononi. Landrova ikamfuata nyuma pole pole, gia ya kwanza, kama ndama. Waliokuwa wakirudi shambani walisimama kutazama. Mmoja akauliza kama anafukuzwa.

"Nasindikizwa," Zeyana alijibu.

Asubuhi yake waliingia pamoja katika chumba cha giza. Mmoja alimimina dawa, mwingine alitikisa, mikono ikikumbuka zamu zake za zamani. Filamu ilipokauka Sylvester aliishika dirishani. Picha yake ilitoka kama alivyotaka, watu wa nuru wakitoka katika nuru. Iliyofuata ilikuwa na jua lilelile, lakini mwimo wa mlango ulihesabika nyuzi za mti wake, nyufa za ukuta zilionekana, na juu ya bega la Ngollo moshi ulisimama nguzo baada ya nguzo, kila nyumba na wake.

Alikuwa na mkasi mkononi. Akausogeza kwenye ya pili, akaurudisha.

"Hii ya pili ni kali," alisema mwishowe, kama fundi kwa fundi. Akakata yake, akaitia katika bahasha. "Mimi sikuiona."

Angekomea hapo Zeyana, mambo yangepita. Humaidi mwenyewe alimwambia: "Mke wangu, umeshinda, funika sufuria." Lakini studio ya Nasor ilikuwa na desturi yake: wiki ya kuelekea Idi, kabati la kioo la mbele linabadilishwa picha, na mji mzima hupita kuona nani katundikwa. Idi hiyo Zeyana aliwatoa maharusi wote. Katikati aliweka picha moja kubwa, ya Ngollo mlangoni, na chini yake akaandika kwa wino mweusi: Nyumba ya Bibi Ngollo, Mwanzwilo. Hakuongeza neno.

Watu wakajaa barazani. Sylvester akaja akiwapenya kwa mabega, uso umebadilika rangi.

"Nilisema sikuiona! Sasa unataka mji mzima uione?"

"Ndiyo."

"Iondoe, Zeyana. Nakuomba. Kama ndugu yako."

"Kama ndugu yangu, iondoe wewe. Kioo hakina kufuli."

Mwanamume mmoja barazani akasema, kana kwamba anajisemea, "Mwanzwilo kumbe palikuwa na tembe zuri vile." Sylvester aliliangalia kabati. Hakuligusa. Alivuka barabara, akaenda zake ofisini, na kesho yake wakaja watu wengine, ambao hawakuwa wamejifunza kazi kwa Mzee Nasor.

Studio ilifungwa kwa amri, ikafunguliwa baada ya miaka kama duka la vibatari na sabuni. Kamera ilichukuliwa na lenzi zote mbili, haikujulikana zilikokwenda. Zeyana alipiga picha za harusi nyumbani kwa kamera ya kuazima mpaka macho yalipomchoka, akafa akiwa mtu mzima, akazikwa Tabora. Humaidi alimtangulia kwa mwaka mmoja. Sylvester alihamishiwa Puge, kisha Dodoma, akastaafu huko. Picha yake ilikaa kwenye maonyesho wiki nzima na ilisifiwa. Kuluthumu alizaa tena mara tatu katika kijiji kipya na mmoja wa watoto hao ni mwalimu. Ngollo alipelekewa nakala yake na dereva wa lori, akaitundika, akafa kabla ya kurudi. Wanawe walirudi baada ya miaka, wakajenga ng'ambo ya pili ya njia kwa sababu kisima kilikuwa kimefukiwa. Tembe lenyewe lilikuwa limeanguka katika masika ya kwanza baada ya kuhama. Siku hizi hapo panalimwa karanga, na jembe likigonga udongo mgumu wa sakafu, mlimaji hulizungusha pembeni, akaendelea na tuta lake.