Flashi Iliyopoteza Rangi

Mimi na flashi mbovu hatupatani. Watu wa Nyasubi wanajua: ukiniletea dukani iliyofuliwa na suruali, nitakusema kwanza ndipo nikuhudumie.

Ya Mzee Maganga haikuwa imefuliwa. Alitoka nayo Mwakitolyo, imefungwa kwenye leso. Aliitikia shikamoo yangu, kisha akaniambia humo mna picha moja tu, ya marehemu mkewe, Martina. Simu iliyoipiga iliibwa. Jumamosi wanaweka msalaba kaburini, naye alitaka nimtolee kubwa ya kubandika hapo.

Nikaichomeka. Kimya, hata taa haikuwaka. Nikahamia tundu la pili, kimya. Nikazima kompyuta nikaiwasha upya. Nikaipeleka duka la jirani, kwa Enock, na huko ikagoma. Nikachomeka yangu, ikasoma palepale. Nilichanganyikiwa, na hasira zikaanza kupanda.

Nikaisogeza dirishani. Vile vipande vinne vya mdomoni, ambavyo kwenye flashi zote huwa vya njano, vilikuwa vimefifia na kufanya weusi, na plastiki yake imejikunja.

"Mzee, hii imefanywa nini?"

Akavua kofia. "Niliona inang'aa njano. Miaka thelathini nachimba, mayu, mama yangu, nikiona njano mkono unakwenda wenyewe. Nikaitia tone la zebaki nione kama ni dhahabu."

"Halafu?"

"Ikashika. Ikawa nyeupe. Nikaogopa, nikaichoma."

"Ukaichoma?"

"Dhahabu ikiwa nyeupe ukiichoma, zebaki inaondoka, njano inarudi. Siku zote inarudi."

Maneno makali niliyokuwa nimemwandalia nikayaacha. Nikachukua kifutio, nikavisugua vile vipande, nikachomeka tena huku nikijua haitasoma. Mzee alikuwa amekikazia macho kioo cha kompyuta, anangoja mtu atokee.

"Hakupenda picha," akasema. "Akiona simu anajifunika kanga usoni. Hiyo moja nilimbembeleza siku nzima."

Nikamwambia picha haipo tena. Roho iliniuma kulisema hilo, nikalisema mara mbili maana mara ya kwanza hakuonekana kusikia. Akaichukua flashi, akaigeuza kwenye mwanga kama wanavyofanya wachimbaji.

"Labda moto ulikuwa mdogo," akasema. "Nikiichoma kidogo tena?"

Nikamvutia kiti, nikamwomba akae kwanza.