Bluu ya Alto Sauces

Nélida Ccanto, aliyekuwa akitafuta printa ya kuchapia picha za kuuza kwenye nguo na vikombe, aliingia duka la tatu asubuhi ile akiwa na picha ya mbwa wake kwenye simu na kipande cha kitambaa cheupe mkobani. Mbwa huyo, Canelo, alikuwa na rangi zinazoziumbua printa mbovu: kahawia ya masikio, waridi ya pua, na bluu ya jicho lake moja lisiloona. Duka la kwanza lilimtoa Canelo wa kijani. La pili lilimtoa vizuri, lakini muuzaji alipoulizwa vipuri vinapatikana wapi, alianza kusifia kofia ya zawadi.

"Dada, unanunua printa au unaposa?" aliuliza muuzaji wa duka la tatu.

"Naposa. Hebu ifungue tumbo nione."

Aliifungua. Nélida aliuliza kama vichwa vyake vya wino vinazibwa na vumbi, kama itaamka baada ya umeme kukatika wiki nzima, na nani atapokea simu siku ikigoma. Ilikuwa printa ya kijivu, pana, yenye sura mbaya, na matangi manne ya wino ubavuni. Ilimchapa Canelo kwenye karatasi akiwa amegeuzwa kama kwenye kioo, inavyotakiwa, na mashine ya joto ilipomhamishia kwenye kitambaa alitoka yeye mwenyewe hasa, na jicho lake.

"Hii," alisema Nélida. "Na kofia yako usinipe."

Hakukosea. Lisemwe mapema hilo, maana baadaye watu walisema mengi. Printa ile haikuwa na kosa lolote.

Alto Sauces, mtaa wetu wa mlimani pembezoni mwa Lima, ni ngazi tupu. Lori la maji huishia chini, na kutoka hapo maji hupanda kwa ndoo. Yaliyomwosha mtoto huosha soksi, na yaliyoosha soksi humwagwa kwenye ngazi kutuliza vumbi. Halmashauri ilikuwa imeahidi bomba kabla ya majira ya joto kwisha, na safari hii tuliamini, kwa sababu mabomba yenyewe yalishaletwa na kulazwa kando ya uwanja wa mpira, meusi, manene, watoto wakiingilia huku na kutokea kule. Mama Hermelinda Sullca, jirani wa Nélida, ambaye magoti yake yalikwisha kwa ngazi hizo, alishachora msalaba wa chaki ukutani mahali bomba lake litakapotokea.

Huyo ndiye Nélida aliyemwomba awe mama wa ubatizo wa printa. Kwetu mashine haianzi kazi bila mzazi wa ubatizo, iwe teksi, iwe cherehani. Wengi huimwagia bia kidogo, wanapiga makofi, wanakula. Mama Hermelinda alikuja na chupa ya maji ya chemchemi ya kijijini kwao Huancavelica, huko milimani, aliyokuwa ameitunza chini ya kitanda tangu alipohamia Lima. Badala ya kunyunyiza juu ya kifuniko kama watu wengine, alifungua tangi la bluu akamimina yote.

"Mama! Wino na maji wapi na wapi?"

"Nani anabatizwa juu ya kofia? Nyamaza, tule."

Haikupita wiki, Mhandisi Ubaldo Tipacti wa halmashauri akapanda ngazi, akihema. Alitaka vikombe vya sherehe ya kufungua bomba, kimoja kwa kila nyumba, vyenye picha ya bomba lililo wazi na maji ya bluu yanayomwagika. Nélida alifurahi mpaka akamkaribisha viazi na jibini. Oda kubwa kama ile alikuwa hajapata kuiona.

Kikombe cha kwanza kilitoka kwenye mashine ya joto, kikapoa, kikajaa. Maji yalipanda kutoka chini hadi ukingoni yakasimama. Nélida aliyanywa, yalikuwa baridi, na kikombe kikajaa tena. Alichunguza kama bluu imefifia. Haikufifia hata chembe, akaendelea na cha pili.

"Ya kwetu haya," alisema Mama Hermelinda alipoonja. "Ya upande wa juu, kwenye kondoo." Alilia kidogo, halafu akaomba kikombe kingine cha kuwawekea wageni.

Vikombe viligawiwa, na mtaa mzima ukavizoea kabla ya Jumapili. Vilikuwa na tabia yao: vilijaa kwa anayekunywa tu. Ukimimina kwenye sufuria au beseni, kikombe kilinuna hadi kesho yake. Kwa hiyo ndoo ziliendelea kupanda ngazi kama kawaida, nasi tukaendelea kusubiri bomba.

Mhandisi alikuja kukagua maandalizi ya sherehe. Nélida alimpa kikombe, naye alikunywa, kikajaa, akanywa tena. Kisha akatoa simu.

"Alto Sauces wana maji," alisema. "Ndiyo, kila nyumba. Tena ya baridi."

"Mhandisi, haya ni ya kunywa tu," alisema Nélida. "Kuoga je? Kufua?"

"Dada yangu, tusiwe na tamaa. Wapo wenye shida kuliko ninyi."

"Wapi hao?"

Mhandisi alionyesha kidole bondeni, kwenye magorofa mapya. "Pale. Nyasi za bustani zinakauka."

Kesho yake lori lilikuja kuchukua mabomba. Nélida alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akatukana mpaka sauti ikamwisha. Dereva alimsubiri amalize, akampa pole, akaondoa gari. Nélida alipita nyumba hadi nyumba akiomba vikombe virudishwe, avichape upya bila bluu, halmashauri ikose kisingizio.

"Changu sikutoi," alisema Mama Hermelinda, akikishika kwa mikono miwili. "Nikirudishe kijiji changu, nibaki na ahadi zao? Hapana, mwanangu."

Nélida alibeba kikombe chake mwenyewe hadi ofisi ya halmashauri, akakigonga juu ya meza ya mhandisi. Hakikumwagika hata tone.

"Nataka bomba."

"Lakini mnalo tayari," alisema Ubaldo kwa upole, akamwonyesha ramani mpya ukutani, ambamo mitaa yote yenye maji imepakwa bluu. Alto Sauces ilikuwa bluu kuliko yote. "Mwenyewe unaona."

"Mmechapa kwa printa gani?"

"Hii yetu ya hapa ofisini. Nzuri sana, haijatuangusha hata siku moja."

Nélida alisogea. Aliweka kidole juu ya Alto Sauces, kama anavyokagua kazi ya mchapaji yeyote, akakipitisha juu ya ngazi, juu ya uwanja wa mpira, juu ya ukuta wenye msalaba wa chaki. Kidole kilitoka kikavu.